Sanduku la posamu: lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Posamu ni mnyama wa Australia anayepanda miti na kutembea usiku, mwenye mfuko wa kubebea mtoto, na sanduku lake ni kasha linalotundikwa mtini alale humo mchana. Kabla ya kuuliza bei, shika ukingo wa mlango wa sanduku kwa vidole viwili upime unene wa ubao. Masanduku mengi ya posamu ya bei ya chini yanayouzwa Australia ni ya plaiwudi ya milimita 12 hivi, na kasoro nyingi zitakazotajwa hapa zinaanzia hapo. Sanduku la milimita 20 kwenda juu ni zito, bei yake imepanda kidogo, na kwenye picha za dukani halina mvuto. Lakini ndilo linalostahili kupandishwa mtini.

Bidhaa nne zinagombea mteja yuleyule: sanduku la plaiwudi au mbao, gogo lililotobolewa, sanduku la plastiki lenye kuta mbili, na pango linalochongwa kwa msumeno ndani ya shina la mti hai. Zote zinaahidi kumpa posamu mahali pa kulala mchana. Tumezipima kwa mwili wa mnyama mwenyewe, yaani makucha yake, mkia wake, namna anavyoufikia mti na kiasi cha joto anachoweza kustahimili. Sanduku lisilopatana na mwili huo ni pambo la bustani tu, hata likiwa limechorwa posamu mlangoni.

Soko hili lipo kwa sababu Australia haina ndege wa jamii ya kigong'ota. Hakuna anayetoboa miti kwa mdomo. Mapango ya miti hutengenezwa na mchwa, kuvu, moto na matawi yanayovunjika, na kazi hiyo haina haraka. Mkaratusi huanza kuwa na pango dogo la maana ukishafika miaka 100 au zaidi, na pango la kumtosha mnyama mkubwa huweza kudai miaka 200. Wanyama wenye uti wa mgongo wanaotumia mapango hayo nchini humo ni aina takriban 300, posamu wakiwa miongoni mwao. Mti wa zamani ukikatwa asubuhi, mche utakaopandwa jioni hautamlaza mtu yeyote wa ukoo huo kwa karne nzima. Sanduku ni daraja la kuvukia muda huo, na daraja lina umri wake.

Tuanze na joto, maana ndilo linalofelisha masanduku mengi kuliko mvua. Pango la kweli limezungukwa na sentimita kadhaa za mti hai wenye maji ndani yake. Mchana linapata joto polepole, usiku linalipoteza polepole. Ubao mwembamba hauna akiba hiyo. Unafuata jua hatua kwa hatua. Watafiti wa Victoria, jimbo la kusini-mashariki mwa Australia, walioweka vipimajoto ndani ya masanduku na ndani ya mapango ya miti waliona jambo lilelile: mchana wa kiangazi sanduku lina joto kali kuliko pango, na usiku wa baridi linapoa zaidi. Posamu aliyelala humo hana jasho la kumwokoa. Hujipoza kwa kuhema na kulamba mikono, na kila tone analolamba ni maji yanayotoka mwilini mwake kabla usiku haujafika akatafute majani mabichi. Desemba 2019, zaidi ya posamu mkia-pete 100 walikutwa wamekufa ufukweni Somers, Victoria, kufuatia joto kali. Hao hawakuwa ndani ya masanduku. Fikiria mwenzao aliye ndani ya kasha lenye joto kuliko hewa ya nje.

Kwa hiyo tunatoa alama kwa unene kwanza, kisha rangi. Sanduku lipakwe nje tu, rangi nyepesi: krimu, kijivu cheupe, kijani kilichopauka. Kahawia iliyokolea ambayo wauzaji huipenda "ili lifanane na mti" inanyonya jua. Ndani kusipakwe kitu. Matundu madogo ya hewa chini ya kifuniko hayaokoi sanduku jembamba lililowekwa juani. Yanasaidia kidogo unyevu utoke, basi. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, zile zenye rangi ya kijani kibichi, zikatae papo hapo, kwa sababu mnyama hutafuna kingo na hulamba manyoya yake. Mbao za chembechembe zilizogandamizwa nazo zikatae. Msimu mmoja wa mvua unazifanya zivimbe kama mkate ulioloweshwa chai.

Plaiwudi nzuri ni ile inayotumika kujengea mashua, yenye gundi isiyoachia maji. Hata hiyo ina udhaifu mmoja: kingo. Maji hayaingii kwenye uso wa plaiwudi, yanaingia pale ilipokatwa, yanapita katikati ya tabaka, na baada ya miaka michache tabaka zinafunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kwenye sanduku lililotengenezwa vizuri utaona kingo zote zimezibwa kwa rangi nzito au gundi, kifuniko kimejitokeza mbele kwa sentimita 4 au 5 ili maji yadondoke mbali na mlango, na viungo vimeshikwa kwa skrubu zisizoshika kutu pamoja na gundi. Misumari peke yake hulegea kadiri mbao zinavyovimba na kunywea. Bawaba za chuma hafifu huwa za kwanza kufa. Kifuniko kikianguka, sanduku zima ni la kutupa, maana posamu hatalala mahali penye mwanga. Sakafuni pawe na matundu manne ya milimita 5 hadi 10 ya kutolea maji, na juu yake maranda ya mti usio na dawa, kimo cha sentimita 5 hivi. Unga laini wa msumeno haufai: ukilowa unakuwa uji.

Sasa mlango. Hapa wauzaji wengi hukosea kwa ukarimu. Wanauza "sanduku la posamu" lenye tundu moja la kila mnyama, wakati posamu wa Australia wanaanzia gramu 10 na kuishia kilo 4 na ushei. Wadogo kabisa ni glaida, posamu wanaonyiririka hewani kutoka mti hadi mti kwa ngozi inayotanda ubavuni. Glaida mkia-unyoya, mwenye gramu 10 hadi 15 na mkia ulio bapa kama unyoya wa ndege, anataka tundu la milimita 20 hadi 25. Glaida-sukari, gramu 90 hadi 150, anatosha kwenye milimita 40 au 45. Binamu yake mkubwa glaida-kindi, anayezidi gramu 200, apewe 50. Mkia-pete wa gramu 700 hadi 1,100 anataka 75 au 80. Mkia-burashi, yule wa kwenye mapaa ya nyumba, apewe kati ya 100 na 120. Usimpimie kichwa chake mwenyewe: mtoto akishatoka mfukoni akiwa na umri wa miezi 4 au 5 hupanda mgongoni kwa mama mwezi mmoja au miwili zaidi, na wote wawili lazima wapite kwa pamoja.

Tundu likizidi kipimo, mgeni anaingia. Sanduku la glaida lenye mlango wa milimita 80 litapata kasuku wa upinde wa mvua ndani ya wiki chache, au ndege maina walioletwa kutoka Asia, ambao hujaza nyasi na takataka hadi mlangoni. Kakatua, kasuku mkubwa wa huko, hufika na mdomo wake na kulipanua tundu lolote la plaiwudi. Wauzaji wengine hupigilia bati kuzunguka mlango kumzuia. Bati linapata moto na linateleza. Pete ya mbao ngumu yenye unene wa sentimita 2 inafanya kazi hiyohiyo bila madhara.

Ukikuta kijiti cha kutua kimechomekwa chini ya mlango, jua fundi alikuwa anafikiria ndege. Posamu hahitaji kijiti. Anayekihitaji ni maina, pamoja na ndege mwindaji anayetaka mahali pa kusubiri. Kichomoe, ziba tundu.

Ngazi ya ndani ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Makucha ya posamu yamepinda na yamechongoka kwa ajili ya gome lenye mikwaruzo. Nyuma ana kidole gumba kisicho na ukucha kinachokabili vingine, kwa ajili ya kubana tawi. Zana hizo zote hazina kazi juu ya plaiwudi mpya iliyolainishwa kwa msasa. Mnyama anaweza kuingia kwa kudondoka, na mtoto akashindwa kutoka. Sanduku zuri lina vijifereji vilivyokatwa kwa msumeno upande wa ndani wa mlango, kila sentimita 2 au 3, kutoka sakafuni hadi kwenye tundu. Ubao usiopigwa randa nao unafaa. Wavu wa waya, ambao bado unaonekana kwenye masanduku kadhaa, una hatari: ukucha unanasa, na nyuzi zikikatika zinachoma. Hasa kwenye miguu ya nyuma, ambako kidole cha pili na cha tatu vimeungana kwa ngozi na kubakiza kucha mbili zilizokaa pamoja. Kucha hizo ni kitana chake cha kuchania manyoya na kutoa kupe. Akiziumiza, hana kingine.

Katika bidhaa zote tulizozilinganisha, ile tunayoipa alama za juu kwa mnunuzi wa kawaida ni sanduku la glaida lenye mlango wa nyuma. Kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kama kosa la kiwandani: mbele hakuna tundu. Tundu liko upande unaotazama shina, juu kabisa pembeni, na nyuma kuna vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita 4 au 5 vinavyoliweka sanduku mbali kidogo na gome. Glaida ana ngozi inayotanda kutoka kidole cha tano cha mkono hadi kifundo cha mguu. Haruki hadi mlangoni. Anatua kwenye shina kwa miguu yote minne, kichwa juu, kisha anakimbia kupanda gome na kuingia kutokea nyuma kama anayepita uani. Ndege hapendi mwanya huo. Hana pa kupigia mabawa. Sanduku lilelile likiwa na mlango wa mbele linapoteza wapangaji wake kwa kasuku. Likigeuzwa, kasuku wengi hupita.

Ukubwa wa ndani kwa glaida-sukari uwe karibu sentimita 20 kwa 20 sakafuni, na kina cha sentimita 35 hadi 40. Pengine panaonekana padogo, lakini wanalala kundi zima, pengine saba au zaidi, wamejiviringisha ndani ya tandiko la majani ya mikaratusi wanayoyabeba wenyewe. Joto la miili ndiyo blanketi yao. Chumba kikiwa kikubwa mno, wakati wa baridi wanachoma nguvu bure, na hao ni wanyama wanaofikia kushusha joto la mwili na kuzimia kwa saa kadhaa ili chakula kisiishe. Kwa mkia-burashi, ambaye hulala peke yake au na mtoto, panatakiwa sakafu ya sentimita 30 kwa 30 na kina cha 45.

Kuna swali ambalo muuzaji haulizi: glaida atafikaje? Glaida-sukari husonga mbele chini kidogo ya mita 2 kwa kila mita 1 anayoshuka. Avuke uwazi wa mita 30, anahitaji kuanzia kama mita 17 juu ya pale atakapotua. Mti wa mita 10 uliosimama peke yake katikati ya nyasi, ng'ambo ya barabara pana, hautampata kamwe, sanduku liwe zuri kiasi gani. Hesabu miti kwanza. Pia angalia chakula: glaida-sukari anataka akasia na mikaratusi ya kumpa utomvu, mbochi na wadudu.

Kufunga mtini kunataka subira kuliko nguvu. Kimo cha mita 3 hadi 5 kinatosha kwa wengi wao, juu zaidi ikiwezekana kwa usalama. Kwa kuwa Australia iko kusini mwa ikweta, jua la mchana hukaa kaskazini, na lile la alasiri kutoka magharibi ndilo la kuua. Mlango utazame mashariki au kusini-mashariki, na sanduku lote liwe kwenye kivuli cha matawi saa nane mchana. Nenda uangalie saa hiyohiyo kabla ya kupigilia chochote. Kivuli cha asubuhi kinadanganya.

Usifunge kwa mkanda uliokazwa wala waya mtupu. Mti unanenepa, waya unazama kwenye gome na kulinyonga shina. Skrubu ndefu iliyozamishwa kwenye shina nayo huvutwa polepole hadi ubao wa nyuma unapasuka, na siku ya upepo sanduku linaanguka na wenyewe ndani. Njia inayodumu ni waya mzito uliovishwa mpira wa maji, ukipinda mara kadhaa kama nyoka kabla ya kuzunguka shina. Kadiri mti unavyopanuka, mapindo yananyooka. Yakikaribia kuisha, unapinda upya. Baadhi ya masanduku huuzwa pamoja na waya huo. Kama halina, ongeza gharama yake kichwani. Ongeza pia gharama ya mtaalamu wa miti wa kupanda, ambayo mara nyingi inapita bei ya sanduku lenyewe. Mtu wa kawaida juu ya ngazi ya mita 4, mkono mmoja umekumbatia kasha la kilo 10, ni habari ya hospitali.

Gogo lililotobolewa tutalipitia haraka. Linakaa vizuri kwenye joto kwa sababu kuta zake ni nene, gome lake linakwaruzika, na posamu hulikubali. Ila ni zito mno, kilo 30 si ajabu, linapasuka linapokauka hadi mwanga unaingia, na linahitaji vifuniko juu na chini vilivyozibwa vizuri. Muulize muuzaji gogo limetoka wapi. Likitoka kwenye mti uliokatwa kwa sababu nyingine, sawa. Likiokotwa chini msituni, amemnyang'anya makazi mnyama mmoja ili amuuzie mwingine.

Plastiki ya kuta mbili haiozi, ni nyepesi kupandisha, na uwazi kati ya kuta unapunguza joto. Ndani inateleza. Usinunue isiyo na ubao wa kupandia uliofungwa imara.

Pango la kuchonga ni huduma zaidi kuliko bidhaa, na ndiyo bora kuliko zote, penye mti unaofaa na pesa ya fundi anayejua. Mtaalamu wa miti hukata kipande cha uso wa shina kama mlango wa kabati, huchimba ndani kwa msumeno wa injini, kisha hukirudisha kipande kile kikiwa na tundu la kipimo cha mnyama. Joto la ndani linafanana sana na la pango la asili, kwa sababu kuta ni mti wenyewe. Mambo matatu huenda vibaya. Kwanza, kipande kilichorudishwa hukauka na kunywea, nyufa zikatokea pembeni. Lazima kiwe kinene na kikazwe barabara. Pili, mti hai haukubali jeraha likae wazi. Hujenga mdomo mpya wa mbao kuzunguka tundu na unaweza kulifunga kabisa. Kwa hiyo fundi arudi kila mwaka au miwili kupunguza ukingo. Mkataba usiotaja kurudi huko ni mkataba nusu. Tatu, utomvu: wiki za mwanzo ndani huwa kumelowa, na hakuna atakayehamia. Zaidi ya hayo, shina jembamba likichongwa linaweza kukatika kwa upepo. Asiyepima kipenyo cha shina na unene wa ukuta utakaobaki kabla ya kuwasha msumeno, mwambie asante na umfungulie geti. Halmashauri nyingi pia zinataka kibali kabla ya kugusa mti mkubwa.

Ukubwa wa mradi haurekebishi sanduku baya. Barabara Kuu ya Hume ilipopanuliwa katika jimbo jirani la New South Wales, masanduku zaidi ya 300 yalitundikwa kufidia mapango yaliyokatwa. Watafiti waliyafuatilia miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2017: glaida-kindi, mmoja wa waliokusudiwa, alionekana mara chache mno, na kasuku adimu aliyekuwa lengo jingine hakuonekana hata mara moja. Wageni walikaribishwa vizuri. Kwa upande mwingine, huko Yellingbo, mashariki ya Melbourne, kundi dogo la posamu wa Leadbeater linategemea masanduku kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa watu wanarudi kuyakagua na kuyabadilisha. Mnyama huyo ndiye nembo ya Victoria. Aliaminika ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1961. Na baada ya moto wa 2019 na 2020, masanduku yenye kuta za kuzuia joto yalitundikwa Tallaganda, New South Wales, kwa ajili ya glaida mkubwa, aina nyingine tena, mnyama anayetumia mapango mengi kwa zamu ndani ya eneo lake. Kumpa huyo sanduku moja ni kumpa mtu kiatu kimoja.

Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, kwa kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, bila kufungua kifuniko. Ukiona nyuki wa asali, mwite mfuga nyuki, na baadaye gundisha kipande cha zulia chini ya kifuniko. Sega halishiki vizuri hapo. Kiota cha maina kitolewe mara moja. Tandiko la glaida liache. Dume huweka harufu yake kwa tezi iliyo kichwani, na kundi hutambuana kwa harufu hiyo. Sanduku lililooshwa kwa sabuni ni nyumba ya mgeni. Lisipopata mtu miezi sita ya kwanza, usilihamishe. Subiri angalau mwaka na nusu.

Wanunuzi wengi wa sanduku la mkia-burashi wana lengo jingine: kumtoa darini. Linasaidia, likitundikwa kwanza, kwenye mti wa karibu wa uwanja uleule, wiki kadhaa kabla ya kuziba paa. Ziba usiku baada ya kuhakikisha ametoka na hakuna mtoto aliyebaki. Anayekuuzia mtego na safari ya kumpeleka msitu wa mbali anakuuzia kosa la sheria. Victoria inataka posamu aliyenaswa aachiliwe ndani ya mita 50 kutoka aliponaswa. New South Wales inadai leseni, na umbali usizidi mita 150. Wanaopelekwa mbali wengi hufa upesi, kwa kuwa kila pango huko lina mwenyewe. (Nyuzilandi mambo ni kinyume: posamu huyohuyo alipelekwa huko kuanzia 1837 kwa ajili ya biashara ya manyoya, na leo maduka yao huuza mitego.)

Amebaki mkia-pete, na kwake tunashauri usinunue kitu. Hulala kwenye sanduku akilikuta, lakini ni fundi wa kiota chake mwenyewe: mpira wa magome, matawi na majani ya mikangaga, ulioshonwa ndani ya kichaka kizito. Chini ya ncha ya mkia wake pana ngozi isiyo na manyoya, ya kushikia tawi. Akikusanya magome, huyafunga kwa mkia huo kama mtu aliyefunga kuni kwa kamba, na mikono na miguu yote inabaki huru kupanda. Pesa ya sanduku lake nunulia miche ya vichaka vya kienyeji vinavyosongamana, uipande ikigusana na matawi ya miti ili asishuke chini kwa paka, na magome yanayobanduka kwenye mikaratusi usiyafagie.